Meza, Simu na Koo la Mwalimu

Watu wakinisikia nikisema kwamba kwa miaka mingi nimecheza mchezo wa kujifanya mtu mwingine, hucheka, kisha huitazama hijabu yangu, kisha hucheka tena. Siwalaumu sana. Mimi ni mwanamke mwenye duka la vitambaa Iringa mjini, nimezaa, nimezika, na ulimi wangu unajulikana mtaa mzima. Lakini nimekuwa askari mzee aliyekatwa sikio. Nimevuka mbuga za Usangu nikifukuzwa na wezi wa ng'ombe, huku nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya marobota ya kanga. Aliyenifundisha mchezo huo alikuwa mwalimu wa Jiografia, na sasa amekufa. Tulicheza naye kwanza mezani, baadaye kwenye simu, na simu ilituficha ugonjwa wake mpaka ukabaki muda mfupi sana. Nikilikumbuka hilo nakasirika mpaka leo, na sijajua vizuri nimkasirikie nani.

Tulikuwa wanne. Mwalimu alikuwa Mhehe wa Idodi, akifundisha sekondari hapo mjini. Wa pili alikuwa fundi seremala, Mbena mwenye karakana Mafinga, aliyekuja Iringa kila Jumapili baada ya ibada kuleta stuli na meza kwa wateja wake. Wa tatu alikuwa mtu mpole wa Rujewa, wakati ule akisoma chuo. Baadaye alirudi kwao kuendesha mashine ya kukoboa mpunga ya baba yake, kwa hiyo nitamwita mwenye mashine. Wa nne mimi. Chumba kilikuwa changu, stoo ya duka, na chai ya tangawizi ilikuwa yangu pia.

Kitabu cha mchezo alikiacha mgeni mmoja aliyekuja kujitolea shuleni kwa mwalimu. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa zimelegea, kimejaa picha za ngome na theluji. Mwalimu alikisoma likizo moja nzima, akatuambia kwamba kanuni zake ni nzuri ila mengine yote hayatuhusu. Akaitoa theluji akaweka mto Ruaha. Akatoa ngome akaweka njia ndefu inayokwenda mji wa chumvi ambao hakuna aliyewahi kuuona. Kazi yake ilikuwa kusimulia: mmefika mahali fulani, mnaona hiki, mnasikia kile. Kazi yetu ilikuwa kusema kila mmoja anafanya nini, kwa mdomo wa yule mtu wake wa kubuni. Pale ambapo jambo lingeweza kwenda huku au huku, tulirusha dadu.

Dadu alizichonga fundi kwa mbao za msonobari wa Sao Hill. Moja ilitoka na kasoro, ikawa inapenda kuangukia namba kubwa. Fundi alitaka kuitupa, mwalimu akamkataza. Sikuelewa kwa nini mpaka Jumapili moja niliyokuja nimetoka kugombana vibaya na mume wangu, sijamwambia mtu, nimepaka wanja na nacheka kama kawaida. Zamu yangu ilipofika mwalimu alinitazama mara moja tu, akazisogeza dadu nyingine pembeni na kunipa ile ya upendeleo. Askari wangu mzee alishinda kila pambano siku ile. Hakuniuliza kitu, na mimi sikumweleza.

Asingeweza kuuliza hata kama angetaka, kwa sababu tulikuwa na sheria. Ilizaliwa kipindi cha uchaguzi, fundi na mwenye mashine waliposhikana mashati juu ya wagombea, chai ikamwagika kwenye robota la batiki. Mwalimu akaamua kwamba kuanzia siku hiyo ya nje yanabaki nje. Mkishakaa mezani hakuna siasa, hakuna ndoa, hakuna mgonjwa wala mwajiri. Tuliikubali kwa moyo mmoja. Mezani ilikuwa sheria nyepesi, maana uso unaongea hata ukiwa umefunga mdomo, na mwalimu alikuwa anasoma nyuso za watoto darasani tangu ujana wake.

Na sauti yake. Hapo ndipo nashindwa kueleza. Alikuwa na sauti ya bibi wa Kihehe anayelalamika, sauti ya tajiri wa ng'ombe, hata sauti ya fisi anayeomba msamaha. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alipoona dadu aliamini tunacheza kamari, akaleta kiti chake akakaa mlangoni na tasbihi ili kutulinda na aibu. Baada ya wiki chache alikuwa anafika kabla yetu. Siku tuliyotaka kumuua yule fisi aliingilia kati, akasema mnyama ametubu, aachwe. Ikabidi tumwache. Fundi alimtania mwalimu kwamba fisi amepona kwa sababu si mbwa, angekuwa mbwa, Mhehe angeshamweka sufuriani, kama Wahehe wanavyotaniwa siku zote. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Nimejiuliza mara nyingi kama kikohozi kile kilikuwa kicheko tu.

Kisha mwalimu alihamishiwa Mbeya, mwenye mashine akamaliza chuo akarudi Rujewa, na fundi akapata tenda za madawati zilizomfunga Mafinga. Meza ikabaki na mimi na shangazi, na shangazi naye akaondoka kwa njia ambayo sote tutaondoka. Fundi ndiye aliyegundua kwamba huko mtandaoni kuna watu wanacheza mchezo kama wetu kwa kuandika, maelfu kwa pamoja, kila seva na ulimwengu wake. Akatuingiza wote.

Sikupapenda. Kila mtu kule alikuwa mwana wa mfalme aliyefiwa na wazazi. Hakuna aliyekuwa na njaa, hakuna aliyechoka kutembea, hakuna aliyekuwa na mama mkwe. Mezani unasubiri zamu yako, na wakati unasubiri unamsikiliza mwenzako. Kule, kabla hujamaliza kuandika kwamba unachomoa upanga, mtu ambaye hujui yuko nchi gani ameshaandika kwamba kichwa chako kiko chini. Ukilalamika, wasimamizi wa seva wanakutoa. Mtu mnayepanga naye vita anatoweka katikati ya sentensi, harudi, na hakuna wa kumuulizia, maana jina lake ni Joka Jeusi na hana ndugu.

Ila nitasema ukweli wote. Kule hakuna aliyejua kwamba mimi ni mama wa dukani. Askari wangu alipigiwa saluti na wanaume ambao barabarani wangeniita mama na kuniomba niwapunguzie bei. Tena kuandika kunakupa nafasi. Mezani nilikuwa naropoka kwanza, najuta baadaye. Kule niliweza kuandika, kusoma, kufuta, kuandika upya. Nilikuwa mchezaji bora kwenye simu kuliko nilivyowahi kuwa mezani, na jambo hilo liliniudhi.

Mwalimu ndiye aliyetuokoa na wale wana wa wafalme. Alifungua chumba chetu wenyewe humo humo mtandaoni, sisi wanne tu, na njia ya kwenda mji wa chumvi ikaendelea pale ilipoishia. Tulikutana Jumamosi alasiri. Umeme ukikatika Mafinga au bando likiisha Rujewa, mhusika wa asiyekuwepo aliachwa nyuma kuchunga punda wa msafara. Ikawa msemo wetu. Mtu akikaa kimya tulisema anachunga punda, tukaendelea na safari. Dadu zilirushwa na programu ndani ya seva, dadu za haki kabisa, hazikumpendelea mtu, na hakuna siku hata moja ambayo zilijua nimeamkaje.

Mwanzoni tulipigiana pia simu za sauti. Baadaye mwalimu akasema mtandao wa kwake ni mbovu, bora maandishi matupu. Tukakubali. Aliandika vizuri mno, pengine kuliko alivyokuwa akisimulia. Sentensi zake zilikuwa na unyevu wa mto na harufu ya majani yaliyoungua. Mara moja aliandika kwamba koo linamsumbua kidogo, na mwenye mashine akamkumbusha kwa utani kwamba ya nje yanabaki nje. Mwalimu akaweka kile kikatuni cha kucheka. Akaendelea kusimulia, na sisi tukaendelea kutembea.

Hapo ndipo akaja yule mzee. Tulifika njia panda, mwalimu akaandika kwamba pana kibanda, na mlangoni amesimama mzee asiyesema. Anatuashiria kwa mkono tuingie. Ndani kuna moto, na kuna viti vitatu.

Mtu asiyecheza michezo hii angeingia, angesalimia, angekaa. Sisi tulikuwa tumefundishwa na mwalimu mwenyewe, kwa miaka, kwamba njiani hakuna ukarimu wa bure. Bibi anayekupa uji amekuwekea sumu. Mtoto anayelia kisimani si mtoto. Mzee bubu na viti vilivyopangwa tayari ni mtego ambao hata mchezaji wa juzi angeutambua. Fundi aliandika kwamba mwindaji wake anatema mate chini na kupita. Askari wangu naye alipita. Tulijisifu kwa ujanja wetu.

Jumamosi iliyofuata njia ilitupeleka mbali, ikapinda, ikaturudisha njia panda ile ile. Mzee alikuwa pale, anaashiria. Tukapita tena. Ikawa hivyo kila wiki, haidhuru tushike njia gani, mpaka tukaanza kuchoka na kumlalamikia mwalimu kwamba hadithi imekwama. Mwenye mashine, yule mpole wetu, akaona amepata dawa. Aliandika kwamba mganga wake anachukua kijinga cha moto na kukichoma kibanda. Programu ikarusha dadu, dadu zikakubali.

Mwalimu alikaa kimya muda mrefu. Tukadhani anachunga punda. Kisha ikatokea sentensi moja: kibanda kinaungua, na mzee hakimbii. Akafunga mchezo wa siku hiyo bila kuaga.

Wenzangu walituma vikatuni vya moto na kucheka. Mimi nilibaki na simu mkononi, mteja ananiuliza bei ya kitenge simsikii. Mezani mwalimu angekasirika tukaona, au angecheka tukaona. Hapa nilikuwa na maneno machache tu kwenye kioo, na sikujua yameandikwa kwa uso gani. Nikayasoma ya nyuma, Jumamosi moja baada ya nyingine, yale aliyosimulia kwa wiki zote zile. Mzee hasemi. Mzee anaita. Viti ni vitatu, na sisi wasafiri tulikuwa watatu.

Nikampigia mwalimu simu, sheria au si sheria. Ilikatwa. Nikapiga tena, ikakatwa, nikapiga tena kwa ukaidi wangu ule ule unaojulikana. Akapokea mkewe. Ndipo nikasikia kwamba ni saratani ya koo, kwamba madaktari wameshamtoboa shingoni ili apumulie hapo, kwamba sauti imeondoka miezi mingi iliyopita, kwamba amerudishwa nyumbani kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Alinieleza kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. Nilipomaliza kusikiliza nilikaa sakafuni nikalia mbele ya wateja.

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Nilipanda basi Iringa, fundi akaingia Mafinga, mwenye mashine akatusubiri njia panda ya kwao na kiroba cha mchele mpya begani, maana kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Mwenye mashine alikuwa anatazama dirishani tangu alipopanda, na kila fundi alipotaka kumtania ili amchangamshe, aliishia kufungua mdomo na kuufunga.

Nyumba ilikuwa pembeni mwa mji, kuelekea Uyole. Mke wa mwalimu, Mnyakyusa mrefu aliyekonda kwa kuuguza, alitupokea amesimama mlangoni.

"Karibuni," alisema. "Kumbe mpo."

Tukasalimia, tukatoa pole. Mwenye mashine akautua mchele. Mama yule aliutazama, akasema mumewe hali tena chakula, analishwa uji kwa mpira uliopita puani.

"Lakini weka hapo pembeni, kaka," akaongeza. "Utaliwa msibani."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Sijawahi kupigwa kofi lililoniuma vile. Nilijaribu kueleza kwamba hatukujua, kwamba hakutuambia, kwamba tulikuwa na sheria yetu. Akanikatiza.

"Dada, kila Jumamosi ananiandikia kwamba amewaita. Namuuliza, wamesemaje? Ananiandikia, bado. Mnaongea naye kila wiki, majirani wanakuja, walimu wenzake wanakuja, watu wa kanisani wanakuja, nyie ambao ndio anawataja hamji. Mimi nielewe nini?"

Alikuwa ametuita kweli. Baadaye mwalimu alinieleza, kwa kuandika, kwamba mara nyingi alijaribu kutuambia waziwazi. Aliandika neno saratani, akalitazama, akalifuta. Akiwa yeye mwenyewe, mwalimu, hakuweza kulituma. Akiwa mzee wa njia panda aliweza kusimama mlangoni na kuashiria. Ule uwezo wa kufuta nilioupenda mimi ndio uliomziba mdomo yeye, kwa sababu mezani neno likishatoka limetoka, na hata lisipotoka tungeona shingo.

Shingo niliiona sasa. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha futi nne, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kitambaa cheupe kimefungwa kooni kinapanda na kushuka. Alipotuona macho yalijaa. Fundi alikaa kwenye mkeka akamshika mguu na hakuuachia. Tukakaa hivyo hivyo, tukisikiliza pumzi ikipita mahali pasipo pake, mpaka saa ya mchezo ikafika na simu zetu tatu zikalia kwa pamoja. Mwalimu alikuwa ameshika yake chini ya blanketi. Ametuandikia kule chumbani kwetu mtandaoni: karibuni wasafiri.

Kila mmoja akainamia kioo chake. Watu wanne ndani ya chumba kimoja, hatua moja kati ya mtu na mtu, na wote tunatazama mapaja yetu. Hasira ilinipanda. Nilitaka kuzikusanya simu zote nikazitupe chooni, tucheze mezani kama watu. Kisha nikakumbuka kwamba nikiinyang'anya simu ile namnyang'anya ulimi. Mezani peke yake angekuwa bubu kati yetu. Kwenye simu peke yake tulikuwa tumemchoma moto.

Nikawaambia wenzangu wazime zao. Nikakaa kitandani kichwani pake, nikawa natazama kioo chake juu ya bega, naye akiandika mimi nasoma kwa sauti. Aliandika kwa kidole gumba, polepole, kwa hiyo maneno yalinifikia moja moja na sikujua sentensi inakwenda wapi. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu wa mwisho. Mkewe alikuja akasimama mlangoni na kopo la uji mkononi. Alikuwa hajawahi kusikia tunacheza, na kwa miezi alikuwa hajasikia sentensi za mumewe. Baada ya muda aliweka kopo chini akakaa mkekani, karibu na fundi.

Asubuhi imefika, nilisoma. Moshi umetulia. Mzee amekaa nje ya majivu ya kibanda chake. Nywele zimeungua, hana kidonda kingine. Hasemi, lakini leo ana kijiti, na anaandika kwenye vumbi. Wasafiri wanasogea kusoma. Ameandika hivi: kwa nini hamkuingia?

Nilisoma swali hilo kwa sauti yangu, halafu nikakumbuka kwamba mimi pia natakiwa kulijibu. Mwenye mashine aliuliza kwa unyonge kama turushe dadu. Mwalimu akatikisa kichwa. Mwenye mashine akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Fundi alikohoa, akaanza kwa sauti nzito ya mwindaji wake, sauti ya kujigamba tuliyoizoea, akasema kwamba mwindaji hana desturi ya kuingia nyumba asiyoijua. Sentensi ikamfia mdomoni. Alitazama mguu alioushika.

"Tuliogopa, mwalimu," akasema, na hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Mwalimu aliweka kidole kwenye kioo. Niliona herufi zikija, nikaziona zikifutwa. Zikaja tena, akazifuta tena. Mkewe aliinuka nusu, akidhani anahitaji kitu. Mara ya tatu hakufuta. Yalikuwa maneno mawili, na wote walikuwa wananitazama mimi niyaseme.

"Na mimi," nilisoma, kwa sauti yangu, maana yeye hakuwa na nyingine.